Mbuzi dume wa kesho: namna ya kumchagua, kumwonyesha na kumtayarisha



Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokaribia na minervali ya watoto inatafutwa, mfugaji anaingia ndani ya kibanda kuangalia ni mbuzi gani atoke. Anatoka nani? Anatoka yule dume kijana mwenye kifua kipana, aliyekomaa haraka kupita wenzake, juu yeye ndiye analeta feza sokoni. Na anabaki nani? Anabaki yule aliyedumaa, ambaye muchuuzi alimwangalia mara moja na kupita. Kisha miezi michache, ni huyo aliyebaki ndiye anapanda majike wote wa mtaa.

Hali hiyo ikiendelea miaka kumi, watu wanaona mbuzi wamekuwa wadogo na wanasema: "Mbegu yetu ya kienyeji iko mbaya." Sisi hatukubali. Mbuzi wa kienyeji wa Kabare, Walungu au Kalehe ni mnyama mgumu, anavumilia baridi ya milimani na chakula kidogo, na jike mzuri anazaa mapacha. Shida ni kwamba mbegu nzuri inauzwa na ile ya kutupa ndiyo inapandwa. Kwa maharagi hakuna mama atakayefanya hivyo. Anachambua, anaweka pembeni zile mbegu nzima kwa msimu ujao, na zile zilizotobolewa na wadudu anazipika. Kwa mbuzi tunataka kufanya kazi ileile ya kuchambua, lakini inaomba miezi mingi na inaomba watu wapatane.

Kwa nini dume na si jike? Jike mmoja anazaa mtoto mmoja au wawili, mara chache watatu, na mimba yake inachukua karibu siku 150, yaani miezi mitano. Dume mkubwa mwenye afya anaweza kutumikia majike 25 hadi 30. Tuseme majike 30 wanazaa watoto 45: kila mmoja wa hao 45 amepokea nusu ya mwili wake kutoka kwa baba mmoja. Jike mbaya anaharibu kibanda kimoja. Dume mbaya anaharibu kijiji.

Anzeni kwa mama yake

Kazi ya kuchagua inaanza mbele mtoto hajazaliwa. Chukueni kaye ya kikundi na muulize: ni majike gani wamezaa mara tatu au zaidi bila kutupa mimba? Nani analea mapacha na wote wawili wanafika miezi mitatu wakiwa wazima? Nani ana maziwa ya kutosha hata kiangazi? Mtoto dume wa jike wa namna hiyo ndiye wa kuangalia. Hatatoa maziwa yeye mwenyewe, lakini mabinti wake watatoa, na yeye ndiye anabeba ile tabia ya mama yake kuipeleka kwao.

Hapa kuna mtego mmoja ambao unakamata hata wafugaji wa zamani. Macho yetu yanapenda kilicho kikubwa. Mkiweka watoto watano pamoja, mutaonyesha kidole yule mnene kuliko wote. Lakini mara mingi huyo alizaliwa peke yake, alinyonya ziwa zote mbili bila mshindani. Yule pacha aliye mdogo kidogo pembeni yake amegawana maziwa tangu siku ya kwanza, na hata hivyo amekaribia kumfikia. Kwetu sisi huyo pacha ndiye anafaa zaidi. Kwa hiyo linganisheni pacha na pacha, wa peke na wa peke, na wenye umri mmoja. Bila tarehe ya kuzaliwa katika kaye, kulinganisha ni kubahatisha.

Kufikia miezi mitatu, chagueni vijana wawili au watatu kwa kikundi, si mmoja. Wengine wote wahasiwe au wauzwe mbele hawajafika miezi minne. Msicheleweshe jambo hili, juu dume wa miezi minne anaweza tayari kumpa mimba mama yake au dada yake, na watu wanasema "angali mtoto." Wale waliochaguliwa wanatengwa na majike, na wanangojea siku yao ya kuonyeshwa wakifika miezi nane hivi.

Siku ya kuwaonyesha

Kuna vikundi ambavyo komite inachagua dume yenyewe jioni, watu watatu wanatosha. Haraka, ndiyo. Lakini kisha maneno hayaishi: "Wamechukua mbuzi ya ndugu ya prezida." Ndiyo maana tunashauri vijana wote waonyeshwe mbele ya wanamemba wote, mchana, mahali pa tambarare. Kila mtu aone na ashike kwa mikono yake.

Mwenye mbuzi amtayarishe. Wiki moja mbele, akate kwato zake kwa kisu kikali, asawazishe chini mpaka mnyama asimame vizuri. Asikate siku ileile, juu akigusa nyama kidogo tu mbuzi atachechemea na watu watafikiri ana mguu mubaya. Amsugue vumbi na tope kwa majani makavu au burashi. Kumlisha kupita kiasi siku hiyo ili tumbo lionekane kubwa ni kazi bure, wafugaji wanajua tofauti ya tumbo na nyama.

Zaidi ya yote, mbuzi awe amezoea kamba. Dume ambaye hajawahi kushikwa ataruka, atalia, atalala chini, na hamutaona kitu. Mazoezi yaanze kutoka miezi mitatu, kila siku dakika chache: kumvalisha kamba ya kichwani, kutembea naye, kusimama, kumwinua mguu mmoja mmoja, kumfungua mdomo, kumgusa korodani. Mtoto wa nyumbani anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana, kwa sharti moja: asicheze naye mchezo wa kusukumana vichwa. Kwa kijana wa kilo kumi inachekesha. Kwa dume mzima mwenye pembe ni mtu kuvunjwa mbavu.

Siku yenyewe, mwenye mbuzi anasimama na kusema jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, kama ni pacha, na mama amezaa mara ngapi. Kisha mbuzi anatembezwa akienda na akirudi. Tazameni kutoka nyuma: miguu ya nyuma iwe sambamba, magoti ya nyuma yasigusane. Mguu wa nyuma usiwe umenyooka kama mti wa nyumba, uwe na mkunjo kidogo, kwa sababu dume anasimama na uzito wake wote juu ya miguu hiyo miwili wakati wa kupanda. Vifundo juu ya kwato viwe na nguvu, visilale chini. Mgongo uwe sawa, kifua kiwe kipana katikati ya miguu ya mbele.

Mfungueni mdomo. Mbele mbuzi ana meno nane chini tu. Juu kuna ufizi mgumu. Meno yakutane na ule ufizi. Ikiwa taya la chini ni fupi na meno yanagusa nyuma, au ni refu na yanatokea nje, mnyama atashindwa kukata majani vizuri, na hiyo kasoro inarizishwa watoto. Wakati huo angalieni umri pia: dume ambaye tayari amebadilisha meno mawili ya katikati ana mwaka mmoja au kupita. Kama mwenyewe anaapa ni wa miezi nane, ukubwa wake haushangazi tena.

Kisha korodani. Wengine wanaona haya mbele ya wamama, lakini sehemu hii ndiyo kazi yenyewe ya dume, na wamama ndio mara mingi wanachunga hawa mbuzi. Shikeni kwa mikono miwili. Lazima ziwe mbili, zote zimeshuka, zina ukubwa sawasawa, ngumu kidogo kama msuli uliokaza, bila uvimbe, bila kidonda. Dume mwenye moja tu asikubaliwe hata akiwa mzuri namna gani. Ile nyingine imebaki ndani ya tumbo, na watoto wake wanaweza kuzaliwa vilevile. Kati ya vijana wawili wa umri mmoja wanaolingana kwa mengine, mwenye korodani kubwa zaidi apite mbele. Pembeni angalieni chuchu zake ndogo: mbili tu, safi. Dume mwenye chuchu za ziada au zilizoshikana anawarizisha mabinti wake ziwa la taabu.

Jambo la pembe linaomba maneno yake. Watu mingi wanapenda dume bila pembe, juu haumizi wenzake wala watoto. Tunawaelewa. Lakini kwa mbuzi, kuzaliwa bila pembe kunatembea pamoja na kasoro nyingine. Dume asiye na pembe akipanda jike asiye na pembe, baadhi ya watoto wao wa kike wanazaliwa si jike kamili wala si dume: sehemu ya uzazi haiko sawa na hawatazaa hata siku moja. Kuna nyumba zinasema ni laana au mtu ametupa uchawi kibandani. Si uchawi, ni mbegu mbili za bila pembe zimekutana. Dawa yake ni rahisi: dume wa koperative awe na pembe, basi. Majike wasio na pembe mutawapandisha kwake bila hofu.

Nani atamlipa mwenyewe?

Hapa ndipo mipango mingi inavunjika. Munamwambia mama mmoja, "Mbuzi yako ndiyo ya kwanza, usimuuze," na kesho yake muchuuzi anafika na feza mkononi, na mtoto wake amefukuzwa masomo. Atafanya nini? Atauza, na hakuna wa kumlaumu. Kama kikundi kinataka yule dume abaki, kikundi kimlipe siku hiyohiyo ya kuonyesha, bei ya soko na kitu juu yake. Kesye isiyo na feza inaweza kulipa kwa mbuzi: kwa mfano jike mmoja kijana sasa, na mtoto mmoja wa kike kutoka uzao wa kwanza wa huyo dume. Liandikwe, sekretere atie sahihi, mashahidi wawili.

Kwa malipo ya kupandisha, wanamemba wapange wenyewe. Tumeona inaenda vizuri pale ambapo kiasi ni kidogo lakini hakuna anayesamehewa, hata prezida, na sehemu ya malipo inaenda kwa yule anayemlisha dume kila siku. Anayelisha bila kupata kitu atamfunga kando ya barabara na kumsahau.

Miezi ya matayarisho

Aliyechaguliwa anakaa kibanda chake, mbali na majike, lakini si peke yake kabisa. Mbuzi wa peke anakonda kwa upweke. Mpeni dume aliyehasiwa kama mwenzake. Sakafu iinuliwe, iwe kavu, juu miguu ya mbuzi inaoza kwenye mavi yenye maji.

Chakula chake ni majani kwanza: matembele, majani ya maharagi baada ya kuvuna, setaria, tripsakumu, kaliandra kutoka kwenye mipaka ya shamba. Lesena ni nzuri lakini isipite theluthi moja ya chakula, ina sumu kidogo ndani. Maganda ya muhogo muchungu yasitolewe mabichi, yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri. Chumvi iwepo. Maji safi yawepo kila siku, hata kama mtu anasema mbuzi hanywi.

Kuna wale ambao wakishapata dume mzuri wanataka kumnenepesha kwa pumba za mahindi au za mchele, debe kwa debe. Tunaomba muwazuie. Dume akila pumba mingi na majani kidogo anaota vijiwe kwenye njia ya mkojo, na njia hiyo kwa dume ni nyembamba. Mutamwona anajikaza, analia, matone tu yanatoka au hakuna kitu. Akifika hapo mara mingi anakufa. Pia dume mnene ni mvivu. Mkono ukipita juu ya mbavu uzisikie, lakini macho yasizihesabu.

Kila mwisho wa mwezi pimeni kifua chake kwa kamba ileile, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, mutie fundo. Fundo likisogea mbele kila mwezi, mambo yako sawa. Likisimama miezi miwili, tafuteni sababu: minyoo, chakula, au ugonjwa.

Mapando ya kwanza

Dume anaanza kazi kidogokidogo akiwa na miezi nane hadi kumi, kama mwili wake umefika zaidi ya nusu ya uzito wa dume mkubwa wa kwenu. Jike wa kwanza awe mama aliyezaa tayari, mpole, wa kimo chake. Jike mkali akimpiga mara ya kwanza, kijana anaweza kuogopa kwa wiki mingi. Watu wasimzunguke wakipiga makelele. Katika miezi hiyo ya mwanzo, majike wawili au watatu kwa wiki wanatosha, na kwa mwaka wake wa kwanza asipite majike 10 hadi 15. Hesabu ya 25 au 30 ni ya dume mzima.

Jike ndiye aletwe kwa dume, si dume kuzungushwa. Joto lake linadumu siku moja au moja na nusu: anatikisa mkia, analia, anakataa kula, ute unatoka nyuma. Apandishwe, na kama bado anasimama baada ya nusu siku, apandishwe tena. Kisha muhesabu siku 21. Asiporudi kwenye joto, kuna tumaini la mimba.

Siku hizo 21 ndizo mtihani wa kweli wa dume, kupita maonyesho yote. Majike sita au saba wa kwanza wakirudi karibu wote, dume ana shida, na komite iamue haraka badala ya kupoteza msimu mzima. Lakini ulizeni kwanza kama alikuwa na homa kali. Mbegu ya dume inachukua karibu miezi miwili kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo ugonjwa wa mwezi uliopita unaonekana leo. Mpumzisheni miezi miwili mumjaribu tena.

Kuhusu harufu, hilo si uchafu. Dume anajikojolea ndevu na miguu ya mbele, na ana tezi za harufu nyuma ya pembe. Harufu hiyo inawaamsha majike: wakikaa wiki tatu au zaidi bila kumwona wala kumnusa, kisha akaletwa karibu, wengi wanaingia kwenye joto ndani ya siku chache. Wanaotaka watoto wazaliwe wakati majani ni mingi watumie jambo hilo. Wanaokamua maziwa wajenge kibanda chake upande ambako upepo hauelekei kwao.

Asibebe magonjwa

Dume anayepokea majike wa nyumba 20 anaweza kupeleka upele na kuoza kwa kwato katika nyumba 20. Jike mwenye vidonda mdomoni, upele, kuharisha au makamasi asipokelewe. Jike aliyetupa mimba asipokelewe mpaka veterinere amwone, maana inaweza kuwa bruselozi, na hiyo inaambukiza hata watu. Dume aliyenunuliwa mbali akae peke yake siku 21 mbele ya kuanza. Na achanjwe dhidi ya PPR, ile sotoka ya mbuzi na kondoo: chanjo moja inamlinda miaka mitatu au zaidi. FAO na WOAH wamejiwekea lengo la kuimaliza duniani kufikia mwaka wa 2030, kwa hiyo timu ya chanjo ikifika kwenu, dume awe wa kwanza kwenye mstari.

Lini aondoke

Hesabu ni hii. Dume ameanza mwezi wa kwanza. Watoto wake wa kwanza wanazaliwa mwezi wa sita. Mabinti hao wanaingia kwenye joto wakiwa na miezi sita au saba, wengine hata mapema, maana yake kufikia mwisho wa mwaka wako tayari kupandwa, na dume aliye karibu ni baba yao. Watoto wa baba na binti wanazaliwa wadogo, dhaifu, wengi wanakufa mbele ya kuacha kunyonya.

Kwa hiyo, mahali ambapo mbuzi wanachungwa pamoja, dume asipite mwaka mmoja. Vikundi vitatu vya jirani vinaweza kupatana: dume wa kwanza aende kwa cha pili, wa pili kwa cha tatu, wa tatu arudi kwa cha kwanza, wote siku moja, na kila mmoja apitie zile siku 21 za kutengwa. Hivyo vikundi vitatu vinatumia madume watatu kwa miaka mitatu bila kununua. Pale ambapo dume anakaa kibandani na kaye inaandikwa vizuri, anaweza kubaki zaidi, sharti anayemchunga awe na ujasiri wa kumwambia jirani: "Huyu ni binti yake, mpeleke kwa wengine."

Akimaliza zamu zake, msimuuze akinuka. Mwiteni veterinere amhasi, akae miezi miwili au mitatu akila majani vizuri. Harufu inapungua sana na muchuuzi analipa bei ya nyama safi. Feza hiyo irudi kwa kesye, ndiyo inalipa dume kijana anayefuata.